Siku Niliyozima Kompyuta ya Kanisa

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo ni ya watu waliokunywa chai baridi. Bwana asifiwe! Sasa nimesikia hata viti vya nyuma.

Mnanijua, mimi ni Roselyne, karani wa kanisa hili. Leo nitajisifu kidogo, na mnivumilie, kwa sababu aliyenipa cha kujisifia ni Bwana.

Ndugu zangu, mnakumbuka vitabu vyetu vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa. Kabla havijaisha, miaka ile ya tisini, kanisa lilipewa kompyuta iliyokwisha kutumika, nami nikataipu majina yote, ya Dunga, ya mjini, na ya wale waliohamia Bondo. Mwaka mzima! Vitabu vilipobaki vumbi, majina yalikuwa salama ndani ya mashine. Nakala nilikuwa nayo pia, kwenye disketi moja. Nikaifanyia nini? Nikaifuta! Kulikuwa na mazishi, ratiba ilitakiwa haraka, na disketi nyingine sikuwa nayo. Nikaandika ratiba, nikaipeleka disketi kwenye duka moja mjini wakachapishe, ikarudi, nikaisahau ndani ya mashine. Asubuhi nikawasha ikiwa humo humo.

Kumbe ilirudi na virusi! Nilipofungua majina, ukurasa wa kwanza ulikuwa alama tupu, kama kuku wamepita juu yake. Nikazima, nikawasha. Ukurasa wa pili ukaenda. Nikazima tena, nikawasha, wa tatu nao ukaenda. Nilitoka nje nikilia.

Tukafanya nini? Tukaiombea mashine. Msicheke, nanyi mlikuwapo! Akina mama walizunguka meza, wakaiwekea kompyuta mikono, wakakemea. Na kwa kuwa kila nikiwasha upya tunapoteza ukurasa, tukakubaliana isizimwe tena kamwe. Ikalindwa kwa zamu kama mgonjwa, siku tatu! Aliyekataa kabisa kuondoka ni Mama Dorka, kiongozi wa akina mama, yule aliyeketi pale mbele. Alimzika bintiye Akinyi akiwa na miaka miwili, na hana picha yake hata moja. Jina lake katika orodha ya ubatizo ndilo andiko pekee linaloonyesha kwamba mtoto huyo aliwahi kuishi.

"Akinyi yangu iko hapo ndani," aliniambia. "Ukizima hiyo kitu, utakuwa umeniulia mtoto mara ya pili."

Nikaenda Maseno kwa Bwana Wafula, fundi aliyenifundisha kompyuta. Nikamweleza yote, hata tulivyoilinda. Akashika kichwa.

"Mama, maombi ni sawa kabisa," akasema, "lakini nyinyi mmekaa mkichunga adui. Hiyo virusi inaishi kwa akili ya mashine ikiwa macho. Zima, toa stima kwa ukuta, halafu uiamshe na hii."

Akanipa disketi yenye dawa, kidirisha chake cha pembeni kikiwa wazi ili ugonjwa usiweze kuandika chochote juu yake. Mashine ilitakiwa iamke kwa disketi hiyo safi, siyo kwa diski yake ya ndani iliyougua, ndipo virusi vikutwe vimelala. Nilimwomba aje mwenyewe. Akasema, "Kwani nilikufundisha bure?"

Nilirudi kanisani. Nikamwambia Mama Dorka ukweli wote, hata habari ya disketi niliyoifuta, ambayo nilikuwa nimeificha. Akainuka kitini, akanisogelea. Nilidhani atanizaba kofi! Kisha akasema, "Zima basi. Lakini nishike mkono." Nikamshika mkono, na kwa mkono mwingine nikang'oa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Ukimya ule siusahau, ndugu zangu!

Nikahesabu hadi sitini. Nikatia disketi, nikarudisha stima. Mashine ikaanza kukoroma, krr, krr, ikaamka, nami nikaandika amri alizoniandikia Bwana Wafula kwenye karatasi. Ikapitia faili moja baada ya nyingine. Ikasema imepata virusi. Ikasema imeviondoa! Nilipiga vigelegele kabla sijafikiri. Mimi, mtoto wa muuza omena, visamaki vya ziwani, niliyeanza kazi na taipureta isiyo na herufi R! Hakuja mtaalamu yeyote kutoka Nairobi. Bwana alitumia vidole hivi, hivi mnavyoviona!

Kurasa zile tatu hazikurudi. Hizo tuliziandika upya, watu wakisimama hapa hapa kutaja majina yao. Nyingine zote zilikuwa nzima. Nikamtafuta Akinyi, nikaenda kuchapisha mjini mstari wake mmoja: jina, siku ya ubatizo, jina la mama. Mama Dorka aliusoma polepole akiufuata kwa kidole, akalia, nami nikalia.

Asante Bwana Yesu! Ndugu yangu, labda nawe kuna kitu unakilinda kwa hofu, unakiombea usiku na mchana huku umekataa katakata kukiachilia. Mimi nilidhani nikizima nitapoteza vyote, kumbe Bwana alikuwa akiningoja nizime. Mwamini leo. Na kama maneno ya karani hayakutoshi, basi Mama Dorka, simama mama. Fungua Biblia yako, uwaonyeshe ile karatasi ya Akinyi.