Jani la Mnazi Chini ya Kiota cha Biib

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Mzee Mesubed Rengulbai anaagana na msitu wa Ngertemel baada ya kuulinda kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa akiwa mwembamba, mengine hatuyasemi.

Sisi askari wa msitu tuliomfuata tulidhani ndege aitwaye biib hutafutwa kwa macho. Wapi! Ninga huyu ni wa kijani, na akinyamaza humpati hata akiwa juu ya kofia yako. Mzee alitukalisha chini ya mti wenye matunda, akaendelea na tambuu yake.

"Nyie tulieni, sikilizeni matunda yakidondoka. Anayekula huko juu ndiye mnayemtafuta."

Ndipo nikaona utosi wa zambarau, kifua cha kijivu, tumbo la rangi ya chungwa. Nilisahau kupumua.

Kiota cha ndege huyo nusura kimponze Mzee. Mwaka 1998 kijiji kiliamua kukata mti mmoja ili njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ipite. Juu yake palikuwa na kiota: vijiti vichache, vimepangwa kwa kuachana hata ukisimama chini unaliona yai, moja tu, jeupe. Mesubed akafunga jani la mnazi shinani. Kwetu jani hilo ni bul, katazo, na hufungwa kwa amri ya machifu peke yao. Yeye hakuwa amemuuliza mtu. Kesho yake wakamwita. Kazi yake na heshima ya ukoo wake vikawa mashakani.

Bi Dirrabang, mkuu wa akina mama ambao ndio huwateua machifu, akaja kujionea. Akainua uso, akaliona yai.

"We mtoto huna adabu," akamwambia. Kisha akawageukia machifu. "Na nyie, jani hilo mlikuwa mnasubiri nini kulifunga?"

Njia ikapindishwa. Mesubed aliomba radhi, na kila mwaka tangu hapo hulibadilisha jani lile, kwa ruhusa sasa.

Mzee wetu, tulikuuliza unataka zawadi gani, ukasema jani lisikauke. Ahsante kwa macho na masikio uliyotupa. Pumzika kwa afya na furaha nyumbani kwako. Jana tulikwenda kwa machifu kuomba ruhusa, tukafunga jani jipya kwenye mti uleule kwa mikono yetu. Tulipoinua uso, juu palikuwa na kiota cha mwaka huu, na yai moja jeupe ndani yake.