Mama Chenji na Sarafu Nyeupe ya Kumi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama una chenji mfukoni, itoe uitazame. Usione aibu, hakuna anayekuchungulia. Mama tunayemkumbuka leo alitazama chenji za watu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo ni sarafu moja tu iliyomliza.

Alikuwa mhudumu wa choo cha kulipia kwenye kituo cha mabasi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: choo cha kulipia, kituo cha mabasi, miaka ishirini na sita. Watu walimwita Mama Chenji. Amefariki Jumanne iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, kwa maradhi ya kifua yaliyomsumbua muda mrefu. Ameacha mume, fundi mwashi mstaafu, na mdogo wake wa kike.

Kiti chake kilikuwa pale mlangoni, wanaume kushoto, wanawake kulia. Mbele yake meza ndogo, karatasi zilizokunjwa tayari, na beseni la bluu la sarafu. Kila alasiri aliziosha sarafu hizo kwa sabuni, moja moja, kwa sababu wenye maduka walikuwa wakizikunjia pua wakijua zinatoka wapi.

"Dada hakuwa mtu wa kunyamaza," anasema mdogo wake. "Alikuwa akiwaambia, nyie mnaoziba pua dukani ndio hao hao mnaokuja kwangu mbio mmeshika tumbo."

Basi mkono unaoosha sarafu mia tatu kwa siku unazijua. Mama Chenji alianza kuona sarafu za ajabu. Mnaijua sarafu ya kumi, ni ya njano. Yeye alikuwa akiokota za kumi nyeupe, zinang'aa kama kijiko kipya. Zilikuwa za kuchovya. Wanafunzi wa masonara walijifunzia kazi kwa sarafu: wanaitumbukiza kwenye dawa, inavaa koti jeupe, kisha wanaitumia kununulia chai. Thamani yake haiongezeki hata senti.

Lakini mjini kulikuwa na bwana mmoja anayenunua sarafu kongwe, na huyo alibandika tangazo. Alisema kuna kumi nyeupe za kweli, chache mno. Mashine za kupiga sarafu zilikosea, zikagonga chapa ya kumi kwenye bati jeupe la sarafu ya tano. Atakayeleta moja atalipwa bei ya nyumba ya vyumba viwili. Bei ya nyumba, wasikilizaji, kwa sarafu ya kumi!

Mji ukapagawa. Kila aliyepata kumi nyeupe alimkimbilia Mama Chenji, maana yeye hakutoza kitu. Aliitazama ukingoni kama kuna njano inayochungulia. Alitazama herufi, kwa sababu za kuchovya huonekana zimevimba kidogo. Mwisho alichukua waya laini wa kusugulia sufuria, akasugua. Njano ikitokeza, kesi imekwisha.

"Pole baba. Hii imevalishwa tu. Rudi kazini kabla hujafukuzwa."

Miaka kumi na tisa iliyopita, mume wake alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, ghorofa ya pili, akavunjika nyonga. Daktari alimweleza mama huyu kwa lugha nyepesi: mfupa ufungwe chuma ndani ya wiki sita. Wiki sita zikipita, utajiunga wenyewe vibaya, na hatatembea sawasawa tena maisha yake yote. Tajiri aliyemwajiri fundi alituma salamu za pole na mfuko wa machungwa.

Mama Chenji aliuza cherehani. Akauza kabati, nguo zikabaki kwenye maboksi. Mdogo wake akatoa akiba yake yote. Wiki ya nne ilipoisha walikuwa hawajafika hata nusu ya gharama, na hakukuwa na mlango ambao hawajaubisha.

Ndipo naye akaanza kuisaka ile nyeupe ya kweli, yeye aliyekuwa akiwacheka wenzake. Alipekua beseni kila nusu saa. Aliwafokea wateja waliolipa kwa noti. "Huna sarafu? Mtu mzima hana sarafu?" Wenzake wanaofagia kituo walidhani amechanganyikiwa, na mdogo wake anakiri kwamba hata yeye aliogopa.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, saa sita mchana, aliiona. Kumi nyeupe. Ukingo mweupe mzunguko wote. Herufi kali, hazikuvimba. Mkononi ilikuwa nyepesi kuliko dada zake wa njano. Alifunga choo. Narudia, wasikilizaji: alifunga choo saa sita mchana, watu wamepanga foleni, akaondoka huku wakimtukana.

Fundi alikuwa amelala kwenye godoro chumbani, mguu umeinuliwa juu ya mito. Haya yafuatayo amenisimulia mwenyewe.

"Fundi," mke wake akamwambia, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu uchumba, "nadhani nimeipata."

"Unadhani au umeipata?"

Akachukua waya, akakaa ukingoni mwa godoro, akasugua. Nyeupe. Akasugua upande wa pili. Nyeupe vilevile.

"Sugua tena," fundi akasema. "Sugua kwa nguvu, mke wangu. Tusije tukaenda kuaibika kule."

Akasugua mpaka kidole kikachubuka. Njano haikutokea. Fundi anasema walishikana wakalia kama watoto, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke kusahau maumivu.

Mama Chenji akavaa vizuri, akaenda kwa yule mnunuzi. Mnunuzi aliiweka kwenye mizani, akashusha pumzi. Akaichunguza kwa kioo cha kukuzia.

"Mama, umeisafisha?"

"Nimeihakikisha. Haina njano hata chembe."

"Ni ya kweli," mnunuzi akasema. "Lakini imechubuliwa uso wote. Wanaokusanya sarafu wanalipia uso ule iliotoka nao kiwandani. Ungeniletea kama ulivyoipata, mizani ingetosha. Sasa hakuna atakayeitaka."

Mama Chenji alimpigia magoti. Hilo mnunuzi amenieleza mwenyewe, na sauti yake haikuwa nzuri alipokuwa akilieleza. Alipiga magoti sakafuni pa duka akasema mume wake amebakiwa na siku tisa. Mnunuzi alimpa alichoweza, kiasi cha kununulia magongo mawili. Akayanunua njiani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alipofika nyumbani, fundi aliuliza, "Wamesemaje?" Na huyu mama, bingwa wa kuzitambua sarafu, akamtazama mume wake usoni akajibu:

"Ni ya kuchovya. Wameichovya kwa ustadi mno, hata mimi nimedanganyika."

"Na hayo magongo?"

"Wenzangu wa kituoni wamechanga."

Siku tisa zikapita. Mfupa ukajiunga vibaya. Mguu mmoja ukawa mfupi, na fundi hakupanda jukwaa tena. Kila alipopita kituoni na magongo yake aliwashukuru kina mama wanaofagia, nao waliitikia, "Usijali, shemeji," bila kujua wanashukuriwa kwa lipi.

Mama Chenji akarudi kwenye kiti chake. Ila kuanzia siku ile hakuisugua sarafu ya mtu. Ukimpelekea nyeupe alirudisha mikono nyuma. "Usiiguse. Usiifute hata kwa shati. Ipeleke kwenye mizani." Watu wakasema kipaji kimemtoka. Akawaacha waseme. Mdogo wake anasema alizoea kumkuta anaosha beseni tupu, analisugua tu, na ukimwita hasikii.

Siku ya mazishi, mnunuzi wa sarafu alikuja kutoa rambirambi. Mzee wa watu alidhani fundi anajua. Akamshika mkono akamwambia, "Ile sarafu ya mke wako ilikuwa ya kweli, bado inaniuma." Fundi akamwomba arudie. Akarudia. Fundi aliketi palepale kwenye udongo, na ilibidi wanaume wawili wamwinue.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii natoa pole kwa fundi, kwa mdogo wa marehemu, na kwa wafagizi wote wa kituo. Nawaombeni jambo moja. Pengine kuna kitu unamficha mwenzako ili asiumie. Jiulize kama una nguvu za kukibeba peke yako kwa miaka kumi na tisa. Yeye alikibeba, na hakukipumzisha hata siku moja.

Fundi yuko nyumbani sasa hivi, redio iko kichwani pa kitanda. Nilimuuliza kama niyaseme haya hewani. Akasema niyaseme, mradi nisome na maneno yake kama alivyoyatamka. Haya hapa:

"Alijua mimi ndiye niliyesema sugua tena. Alijua ningeuchukia mdomo wangu mpaka kufa. Kwa hiyo akaamua aonekane mjinga mbele yangu, yeye ambaye hakuwahi kukosea sarafu hata moja. Nami nilimtania kwa hilo miaka yote. Nilimtania, ndugu mtangazaji, mbele ya wageni, naye akacheka pamoja nami. Angeniambia tu, ningemjibu: mke wangu, tulisugua wote wawili."