Mzee Ditram na Kiti cha Mashine Namba Sita

Tarehe 30 Juni 2006, saa kumi kamili alasiri, Mzee Ditram Chilongola anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kulinda mashine zinazotumiwa na watu wengine. Saa tumeitaja makusudi. Tusingeitaja, angeiuliza.

Alizaliwa Malolo mwaka 1946. Mwaka 1974 aliajiriwa katika ofisi ya shamba la mkonge kule Kilosa, akakabidhiwa mashine kumi na mbili za kupigia chapa. Kazi yake ilikuwa kuzifunika. Mpiga chapa akiinuka kwenda kunywa maji, alirudi akakuta mashine imeshavishwa kitambaa na Mzee Ditram amesimama pembeni kama mtu aliyetoka kuzika. Shamba lilipobinafsishwa mwaka 1997, mwekezaji alichukua majengo, matrekta na mashine zote kumi na mbili. Mlinzi wa mashine hizo hakumchukua. Wapiga chapa waliobaki wanasema ndiyo siku pekee mwekezaji yule aliwafurahisha.

Mwaka uliofuata chuo chetu kilimpokea hapa tawi la Mikumi, na mwaka 2001 kikamkabidhi maabara mpya yenye kompyuta kumi za Linux. Uongozi ulimpeleka pia kwenye semina ya siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi, ya pili ilikuwa ya kufunga.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia maabara, nieleze kidogo. Daftari la mlangoni nalishika mimi tangu nilipomaliza kidato cha sita mwezi Februari, na kwa mujibu wa daftari hilo wakuu wa idara karibu wote wamo katika kundi hili. Kompyuta zetu ni za wote. Unaingia kwa jina lako na neno la siri, na kazi zako unazikuta kwenye mashine yoyote utakayokalia. Tena, mtu aliyekaa namba mbili anaweza kuingia namba sita kwa kupitia mtandao, akaiachia hesabu ndefu, kisha akaenda zake darasani. Hapo namba sita itakuwa na kiti kitupu na kioo cheusi, kumbe ndani watu watatu wanafanya kazi.

Jambo hilo Mzee Ditram alilikataa kwa miaka mitano. Kwake mashine moja ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alitakiwa aonekane. Alibandika tangazo ukutani: "Mashine isiyo na mtu itazimwa." Kisha akawa anapita kati ya meza, kidole mbele, na kila alipoona kiti kitupu alibonyeza kitufe na kufunika.

Stefano wa mwaka wa tatu alijaribu kumwelimisha mbele yetu sote.

"Shikamoo mzee. Hiyo uliyozima tulikuwemo watatu."

"Marahaba. Watatu wako wapi? Mimi naona kiti."

"Tumo kwa ndani, mzee."

"Basi tokeni niwahesabu."

Kwa kuwa hakutoka mtu, suala lilifungwa.

Tusimnyime sifa zake. Kwa muda wote huo hakuna kompyuta iliyoibwa, ingawa zipo ambazo hazikutumika vya kutosha kumshawishi mwizi. Vifuniko vyote kumi alivishona kwa mkono wake, na cha namba moja kina ua. Asiyemwamkia hakupewa mashine. Maneno ya siri ya wanafunzi wote aliyaandika kwenye daftari moja ili yasipotee, akalifungia kabatini, na ufunguo akauning'iniza kwenye mlango wa kabati hilohilo ili nao usipotee. Mwalimu Gaudiosa, msimamizi wetu, alipoligundua daftari hilo alikaa chini akaomba maji.

Wanafunzi nao walijifunza. Walianzisha zamu za kukalia. Mwenye hesabu ndefu alitafuta rafiki wa kukaa mbele ya mashine bila kugusa chochote, kama anayemsubiri daktari. Vijana wa chuo kikuu, wenye kusoma mambo mazito, walipangiana ratiba ya kukaa. Wageni walidhani ni ibada.

Sasa nifike kwa Yusta. Huyu ni binti wa Lumuma, na mradi wake wa kumaliza chuo ulihusu mgao wa maji ya mifereji ya wakulima wa kwao. Hesabu yake ilihitaji saa nane mfululizo, ilikubali kwenye namba sita tu, iliyo na nguvu kuliko zote, na haikuwa na desturi ya kuweka kiporo: ikikatwa, inaanza upya. Mradi ulitakiwa Ijumaa asubuhi. Ukikosekana, Yusta angerudia mwaka mzima.

Jumatatu alikwenda kipindini, Mzee Ditram akazima. Jumanne Yusta alikaa mwenyewe tangu saa tatu, saa tisa akatoka kwenda chooni, Mzee Ditram akazima. Jumatano Stefano alimkalia kiti, lakini akasinzia. Mzee Ditram alimtazama kwa muda, akaamua kuwa aliyelala hayupo, akazima. Yusta alilia mlangoni kwangu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuzima kazi yako. Nimezima mashine." Nadhani aliona amemfariji.

Alhamisi hesabu ilianza saa tatu asubuhi, kwa hiyo ingemalizika saa kumi na moja jioni. Saa tisa na nusu Yusta, aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi, alianguka kwa homa hapohapo maabara. Stefano aliyekuwa kitini aliinuka, akampakia kwenye baiskeli, wakaenda zahanati. Walipofika getini ndipo nilipoona kiti cha namba sita ni kitupu.

Saa kumi kasoro dakika tano Mzee Ditram alianza kuzima zisizo na mtu; zenye mtu huniachia mimi nifunge jioni. Namba moja, mbili, tatu. Wengine wote walikuwa wamekwishaondoka. Nje gari la chuo la kwenda kwake Ruaha, ambalo hakuwahi kulikosa kwa miaka minane, lilikuwa linapiga honi. Nilitakiwa niseme neno, au nikakae mwenyewe. Badala yake nilikuwa naandika saa za walioondoka. Nne, tano. Akafika namba sita, akanyoosha kidole.

Kidole kilibaki hewani. Alikitazama kiti, akatazama kioo cheusi, akatazama mlango ambao Yusta alitolewa. Kisha akavuta kiti, akakaa, mikono magotini, sawasawa na wale aliokuwa akiwafukuza.

Honi ikapigwa tena. Dereva akaita, "Mzee Ditram! Unabaki?"

"Nimekaa!" alijibu, bila kugeuka. Gari likaondoka.

Baada ya kitambo aliniita. "Binti, daftari lako liko wapi?"

"Hili hapa, babu."

"Andika. Mashine namba sita, watu wawili."

Niliandika. Saa kumi na moja na dakika nne kioo kiliwaka, hesabu ikiwa imekamilika. Mzee Ditram alirudi Ruaha kwa lori la mbao, na Ijumaa asubuhi Yusta, akiwa amejifunga khanga mbili kwa baridi ya homa, alikabidhi mradi wake. Jumatatu tulipomtajia mzee habari hiyo alikana kabisa, na saa nne akazima mashine ya Mwalimu Gaudiosa.

Lakini daftari lipo, na ukurasa ninao.

Mzee wetu, ahsante kwa vifuniko, kwa nidhamu, na kwa saa ile moja. Wafanyakazi na wanafunzi tumekubaliana kukuzawadia kiti cha namba sita. Kiweke barazani kwako Ruaha, ukae kwa raha na afya njema. Na siku utakapoinuka kwenda kunywa maji, nenda taratibu. Hakuna atakayekuzimia kitu.