Kiti cha Agnetha kwenye Meza ya Kadi

Mheshimiwa Diwani, Mama Mchungaji, wafanyakazi wenzake Agnetha wa bandari kavu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa meza ya kadi, Lusia, Masudi na Donatus: mwadila!

Mimi Mabula, Baba Ndaki, mwenye baraza wanalochezea, nimepewa kazi ya kumuaga binti yetu Agnetha, anayehamishiwa Kigoma, na kuwaelezeni mchezo aliotuletea hapa Isaka. Kumuaga nitajikaza. Kuueleza mchezo, jamani, sijui nianzie wapi, maana kila nikidhani nimeelewa, Masudi ananiambia hapana.

Wanakaa wanne. Kila mmoja ana fungu la kadi mia moja, wao huliita deki, na kadi moja kati ya hizo ni kamanda anayekaa wazi mbele yake, nyingine zote zifuate rangi zake. Bado tuko pamoja? Basi watu wanawezaje kuwa maadui na papo hapo wakapatana? Siku moja nilishika nafasi ya Donatus, aliyekuwa safarini na lori, na Masudi akaniahidi hatanigusa nikimsaidia kumbana Lusia. Akatimiza. Zamu iliyofuata akanimaliza, kisha akanimiminia chai, na hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Deki niliyochezea siku ile niliipanga mwenyewe, kifugaji. Nilijaza wanyama wenye pembe, nikaziweka kando kadi za ardhi, ambazo ndizo humlipia mnyama aingie mezani, kwa kuwa niliona hazipigani. Mchezo ukaisha kundi langu lote likiwa mkononi. Agnetha hakucheka. Aliniuliza taratibu, “Baba Ndaki, ng'ombe wako wa nyumbani wanakula wapi?”

Lakini kanuni iliyonikera ni kwamba, ukiacha ardhi za kawaida, kila kadi iwe moja tu. Nilibisha sana. Nikimpata fahali hodari, kwa nini nisiweke wanne? Mfugaji gani hukataa fahali wa pili? Agnetha akaniambia, “Ukimkosa yule mmoja, unacheza na waliobaki.”

Sasa Lusia anasema wakibaki watatu, wawili watakuwa wanapatana na mmoja anaonewa, na meza itavunjika kabla ya Krismasi. Na Agnetha ameagiza kiti chake nikikalie mimi. Mimi, nisiyejua hata zamu inapoishia? Nimeuliza kama pale bandarini hakuna karani mwingine kama yeye. Lusia akanivutia kile kiti.

Agnetha mwanangu, nitakaa. Jumamosi nitapigwa, na nyingine nitapigwa tena. Ila kanuni yako ya kadi moja moja nimeielewa leo, na bado siipendi.

Nenda salama. Nanyi nyote, asanteni kwa kumsikiliza mtu aliyechanganyikiwa.