Mzee wa Kanisa Kwenye Grupu la Anime

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Saa lina miguu minne, lakini mmoja ni tofali, kwa hiyo kila mwenyeji anajua akae upande gani. Ikifika saa kumi jioni, Mama Kahawa akishatua birika lake, wenyewe huwa wameshajipanga: Kinyozi, ambaye humwacha mteja kichwa nusu akisikia mada nzuri, Redio, karani mstaafu anayejua habari za watu wote isipokuwa za nyumbani kwake, na Fundi Saa mwenyewe, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alhamisi hiyo Fundi Saa hakuwa amefungua saa hata moja. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anaiangalia kwa wasiwasi.

— Sema tu, Fundi, — Kinyozi alimwambia. — Tangu juzi unatembea kama umemeza spana.

Fundi Saa akasema. Binti yake wa mwisho, huyu anayefanya kazi duka la fotokopi hapo ng'ambo ya barabara, ana grupu mtandaoni. Wamo watu mia tatu na ushei, wote wapenzi wa anime, yaani zile katuni za Kijapani. Wanatazama, wanabishana, halafu binti anawasomea neno na kuwaombea. Baraza la wazee wa kanisa limepata habari. Limesema hayo ni mambo ya mapepo, na Jumapili baada ya ibada linakaa kikao ili grupu lifungwe. Fundi Saa ndiye aliyetumwa aingie humo, achunguze, alete ripoti.

— Na binti anajua? — Mama Kahawa aliuliza.

— Nilimwomba tu aniingize. Alifurahi mpaka akanikumbatia. Alidhani nimependa.

Hilo ndilo lililokuwa linamkaba. Mwanawe amemfungulia mlango kwa furaha, hajui kwamba amemkaribisha mpelelezi.

— Mimi wazee wenzako nawaelewa, — Redio alisema. — Umeyaona macho ya watu wa zile katuni? Jicho la ukubwa ule halikuchorwa ulitazame. Limechorwa likutazame wewe.

— Macho si tatizo. Tatizo ni nywele, — Kinyozi akamkatiza. — Wiki hii wateja watatu wameniletea picha, wanataka nywele zisimame kama wamepigwa shoti. Nywele zikisimama vile zinakuwa antena. Zinanasa.

— Zinanasa nini?

— Ningejua ningekuwa bado nanyoa hapa?

— Basi jumlisheni wenyewe, — Redio alisogea mbele. — Macho yanapiga picha, nywele zinarusha, na huko mbali kuna mtu amekaa na faili la kila mmoja wetu. Mama Kahawa, lako limeandikwa mpaka vijiko vya sukari.

— Mwambie anisomee nani anaimaliza sukari yangu.

Simu ikalia kidogo mkononi. Fundi Saa akashusha miwani, akasoma kwa sauti:

— "Jamani, kaka yetu mkubwa ametutoka. Amekufa akimkinga mdogo wake. Nimelia mpaka macho yamevimba."

Chini yake nyuso za kulia zilikuwa zimejipanga hazina mwisho. Mmoja aliandika kwamba hajala tangu asubuhi. Mwingine akasema hajawahi kuona mtu mwenye roho nzuri kama marehemu.

Kinyozi alivua kofia. Redio, ambaye hanyamazi hata akinywa, aliinamisha kichwa.

— Huu sasa ni msiba, — alisema. — Mapepo tutayajadili siku nyingine.

Fundi Saa amekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na miwili, na ukimwambia habari ya kifo kidole chake kinatafuta kalamu chenyewe. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, huku benchi zima likimsaidia. Kisha akawasomea:

— "Wafiwa wapendwa. Kwa niaba ya wazee wa kanisa, nimepokea kwa masikitiko habari za kutwaliwa kwa ndugu yetu. Aliyekufa akimkinga mdogo wake amekufa akiwa na upendo. Msijione mko peke yenu. Wazee tutafika kukaa nanyi. Aliye karibu anikute kibandani kwangu, mkabala na duka la fotokopi. Tujulisheni siku ya mazishi. Tuna viti sitini na turubai."

— Hapo umemaliza, — Kinyozi alisema, akipangusa jicho. — Tuma.

Akatuma. Halafu simu ikaita, na Fundi Saa, kama kawaida yake, akaweka spika.

— Baba.

— Pole sana, mwanangu. Mdogo wake amepona?

— Baba, aliyekufa ni wa katuni. Amekufa leo, sehemu ya kumi na nane.

Kinyozi alicheka mpaka akasahau upande wake wa benchi, tofali likachomoka, na Redio akaenda chini na kikombe chake.

— Viti sitini, Fundi, — Redio alisema akiwa bado chini. — Na marehemu amechorwa.

— Usijisikie vibaya, Baba, — binti alikuwa anaendelea kwenye spika. — Wameipenda. Wanasema hawajawahi kupewa pole na mtu mzima. Nitakupigia, kuna mteja.

Benchi liliporudishwa juu ya tofali, nadharia nazo zilirudi. Redio akatangaza kwamba huo ndio mtego wenyewe: wanaua mtu wa katuni, wanakusanya rambirambi, kesho wana sahihi za wazee wa makanisa yote. Kinyozi akasema afadhali msiba, mwakani katuni watafunga ndoa, naye Fundi atasimama kanisani kuitangaza Jumapili tatu mfululizo. Fundi Saa hakucheka.

— Baraza likisikia hili nimekwisha, — alisema. — Wataniuliza nilitumwa kuchunguza au kulia nao. Jumapili nitasema lifungwe, yaishe.

— Na mtoto? — Mama Kahawa alimuuliza.

— Atanielewa.

Yeye mwenyewe hakuamini, na sauti yake ilionyesha.

Ndipo akaja msichana mmoja aliyevaa koti jeupe la duka la dawa, simu mkononi, anahema kidogo. Aliangalia saa zilizotundikwa, kisha akawaangalia wao.

— Shikamooni. Namtafuta mzee aliyeandika kwenye grupu.

— Marahaba. Ni mimi, binti yangu. Nisamehe, nilikosea. Sikujua ni katuni.

— Najua. Nilicheka sana. Halafu nikaisoma tena.

Mama Kahawa alimjazia kikombe bila kuulizwa. Msichana alikipokea, akakishika tu.

— Kaka yangu alifariki miezi minne iliyopita. Wa kweli. Tulikuwa wawili tu, chumba cha kupanga, na kanisani hatukuwa tunaenda. Majirani walikuja siku ya mazishi, wakaondoka. Niliyemweleza ni binti yako peke yake, humo kwenye grupu. Kila usiku ananiombea kwa jina.

Hakulia. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, na Fundi Saa aliona ingekuwa nafuu kama angelia.

— Sasa umeandika kwamba wazee mtafika kukaa na wafiwa. Mimi naishi hapo nyuma ya zahanati, si mbali. Nilitaka kuuliza tu, mtakuja lini?

Kinyozi aliinama akaangalia viatu vyake. Fundi Saa alisogea ili msichana apate pa kukaa. Siku pekee ambayo wazee wote wangekuwa pamoja ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, na alijua walikuwa wanakutana kulifunga grupu hilo hilo.