Mama Vitufe na Kitufe cha Kustaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi, mkuu wetu wa usanifu wa mifumo anastaafu. Sote tunamwita Mama Vitufe, siku hizi hata mumewe.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha programu za maofisini, pamoja na hii yetu wenyewe, zinatumika bila mtu kulia. Si kazi ndogo, jamani, maana kila mkurugenzi hapa anataka kitufe chake ukurasa wa mwanzo, kikubwa, chekundu. Mama Vitufe hakubishana. Alimkalisha mkubwa mbele ya kompyuta, akamwambia aombe likizo yake mwenyewe, kisha akasimama nyuma yake mikono mgongoni, kimya. Kusaidia marufuku. Mkurugenzi wa fedha alihangaika mpaka chai ikapoa, akadai kompyuta ni mbovu. Mwaka ule hakupata likizo, na shemeji yetu nyumbani alinuna vibaya sana.

Kwa mtindo huo wahasibu na watunza stoo wengi walipona, na sisi tulio chini yake tukajifunza kumwonea huruma mtu aliye upande wa pili wa skrini.

Jambo moja tu lilimshinda. Wakubwa walisema kitufe cha kustaafu kikikaa mbele kinatia watu uvivu, kikafichwa ndani ya "Mengineyo". Alipinga hadi sauti ikamkauka. Wapi!

Wiki iliyopita zamu yake ikafika. Ombi lisipotumwa kabla ya saa kumi siku hiyo, mfumo unakuhesabu upo kazini mwaka mwingine mzima, na wajukuu walishaahidiwa safari. Akaketi. Wakurugenzi wakajipanga nyuma yake mikono mgongoni, kimya. Alifungua "Mengineyo": hakuna kitu! Sasisho jipya la mfumo lilikihamisha kitufe, na hakuna aliyejua kimekwenda wapi. Mwishowe mkurugenzi mkuu akainama kusaidia, naye akapotea. Hapo hapo akaamuru kitufe kipya kiwekwe mbele, kikubwa, chekundu, nasi tukakiweka. Mama Vitufe alikibonyeza saa kumi kasorobo, akalia, tukalia naye.

Asante, mama yetu. Tutakukosa kwelikweli. Ukaishi kwa raha, ukacheze na wajukuu, na simu zetu usipokee: tangu juzi mkurugenzi wa fedha ameomba kustaafu mara mbili, na anaapa alikuwa anaomba likizo.