Bernadina Masalu na Kilele Kilichofutika

Marehemu mke wangu, Bernadina Masalu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Samuye, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Masalu na Mama Hosiana, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na baada ya sekondari akajiunga na chuo kikuu, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 2005.

Mwaka 2006 aliajiriwa na maabara moja ya binafsi mjini Shinyanga, akapima maji, udongo na samaki kutoka maeneo ya machimbo, kwa mashine inayochora mstari wenye vilele, kila kilele kikiwa dalili ya kitu kilichomo kwenye sampuli. Mstari huo hutetemeka kwa vurugu ndogo za umeme wa mashine yenyewe, ambazo wapimaji huziita makelele, hivyo mpimaji huulainisha kwa kuchukua wastani wa nukta zilizo jirani, lakini akichukua nukta nyingi mno, kilele chembamba nacho hulazwa pamoja na makelele.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Septemba 2008, hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, tukajaliwa watoto wawili, Lusia na Donatus.

Mwezi Agosti 2016 aliandika kwamba kisima cha makazi fulani ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita, hakina zebaki. Wiki tatu baadaye, akiupitia upya mstari wa awali ambao hakuwa ameufuta, aliona kwamba alilainisha kwa nukta ishirini na tano, na alipojaribu kwa nukta tano kilele cha zebaki kikasimama. Mkuu wake wa kazi alimshauri asubiri sampuli za mwaka unaofuata, lakini Bernadina, akijua kwamba anaweza kufukuzwa kazi, alipanda basi kesho yake, akasimama mbele ya mkutano wa wakazi.

Mama mmoja, Martina, alimuuliza, “Mama Lusia, si wewe uliyetuandikia maji ni safi, na watoto wetu wameyanywa?”

Akajibu, “Ni mimi, nilikosea, msiyanywe tena.”

Walimzomea, naye hakuondoka hadi alipochota sampuli nyingine, iliyothibitisha zebaki, na kisima kikafungwa. Kazini alipewa onyo la maandishi, ambalo hakulikatia rufaa, na tangu hapo hakutia saini jibu lolote bila kuambatanisha mstari ambao haujaguswa.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho mwezi Novemba 2024, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ngokolo, wafanyakazi wenzake, na wakazi wa makazi yale, ambao baada ya kumzomea waliendelea kwa miaka minane kumletea maji yao ayapime, wakikataa kuyapeleka kwa mtu mwingine.

Wabeja, asante, Mama Lusia, ulale salama.